Bomba la Kabuga na Mvua za Miaka Ijayo

Mama wa Kabuga, mashariki mwa Kigali, apatapo habari kwamba bomba litakauka kesho, hujaza madumu usiku. Huo nao ni mpango, japo wa siku moja. Wapangao maji ya bonde zima la mto hawana budi kutazama mbali zaidi.

Sehemu ya maji ya upande huo hutoka katika mtambo wa Karenge, wilayani Rwamagana, uyavutao katika Ziwa Mugesera, jirani wa mto Nyabarongo. Mtambo huo ulikuwa na uwezo wa kutoa kiasi cha mita za ujazo 15,000 kwa siku. Mpango wa kuupanua ulilenga 48,000. Je, zitatosha? Sensa ya 2012 ilihesabu Kigali watu 1,132,686. Ya 2022 ikahesabu 1,745,555. Askari aliyewahi kupika kambini anajua kwamba sufuria hupimwa kwa kikosi kitakachokula jioni, si kwa waliopo asubuhi.

Mvua nayo imekuwa mgeni asiyetabirika. Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130, hasa magharibi na kaskazini mwa nchi. Kisha huja kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Ndugu msomaji, tufanye hesabu ya nyumbani. Kigali hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Paa la mita 50 za mraba laweza kukusanya karibu lita 50,000, kama mifereji ni mizima. Jamaa ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa siku, huhitaji lita 9,200 katika miezi hiyo mitatu. Tangi la ukubwa huo ni ghali kwa mshahara wa kawaida, wala si haki kumwachia mama mzigo wote.

Kazi kubwa iko vilimani. Mvua huteremsha udongo hata Nyabarongo ukawa rangi ya matofali. Mtambo wa Kanzenze, uliofunguliwa 2021, huchota maji katika visima vya kando ya mto huo, yakiwa yamekwisha kuchujwa na mchanga. Matuta huzuia udongo mapema zaidi, lakini jembe la kuyachimba limo mikononi mwa mkulima wa Muhanga, ambaye hatakunywa hata kikombe kimoja cha maji ya Kigali. Wapangaji bado wanapaswa kuamua ni nani atakayemlipa siku zake za kazi.