Mvua Kubwa, Radi na Mafuriko ya Ghafla

Leo tuongee juu ya mvua, hasa wewe unayeishi Kawangware 56 kule chini karibu na mto, au Kibera upande wa Mto Ngong.

Pengine unajiuliza, mbona mvua ya muda mfupi tu inaleta mafuriko? Hebu tufanye hesabu. Idara ya hali ya hewa ikitangaza mvua ya milimita 20, hiyo ni lita 20 kwa kila mita mraba. Paa la chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 litamwaga zaidi ya lita 180, yaani mitungi 9 ya lita 20. Sasa hesabu mabati yote ya ploti yenu, halafu ya jirani. Maji hayo hayapati udongo wa kuyanywa. Yote yanakimbilia mtaro mmoja uliojaa takataka. Tena mito yetu inatoka huko juu, pande za Kikuyu, kwa hivyo inaweza kufurika hata kama kwako hakujanyesha.

Basi usingoje maji yafike kitandani. Mathare, Aprili 2024, yaliingia usiku na watu wakapanda juu ya mabati. Najua unaogopa kuacha nyumba kwa sababu ya wezi, na hilo si jambo dogo. Ndiyo maana unapanga mapema. Kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto na dawa zako, hasa za TB, ARV, presha au sukari, zifunge katika mfuko usioingia maji na uziweke karibu na mlango. Kubaliana na rafiki anayeishi pahali pa juu kwamba mtalala kwake, na nani atambeba nyanya.

Maji yanayokimbia yakipita kifundo cha mguu kidogo tu, kama sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usimtume mtoto avuke.

Ukisikia ngurumo, ingia ndani, ukae hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti, wala usiegemee ukuta wa mabati. Kuficha nguo nyekundu na kufunika kioo hakusaidii kitu. Hapa kwetu mimi naogopa zaidi zile nyaya za stima zilizounganishwa kienyeji. Zima swichi kubwa mapema, ukiwa umesimama pakavu.

Mvua ikiisha, kliniki ndipo inajaa. Mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro. Maji yakikatika, uchafu wa vyoo unafyonzwa kupitia nyufa. Maji ya mfereji yanaweza kuonekana safi na yawe na kipindupindu. Yachemshe hadi yatokote, au utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.

Mtu akiharisha majimaji kama maji ya mchele, mwanzishie ORS hapo hapo, huku mkielekea hospitali. Usisubiri kupambazuke. Mtoto aendelee kunyonya njiani.

Mkizingirwa na maji, piga simu ya Shirika la Msalaba Mwekundu, namba 1199.