Ngoma za Umeme na Kompyuta: Tuelewe Kabla ya Kununua



Vikundi vingi vya vijana hujipatia fedha kwa kupiga muziki kwenye harusi na harambee. Wengine hutuma mtu Nairobi, kwenye maduka ya Luthuli Avenue, akanunue ngoma za umeme za kuunganishwa na kompyuta. Pesa hizo ni jasho la wanachama wote. Basi tuuelewe mtambo huu kwanza.

Faida yake ni nini?

Katika mitaa ya magharibi ya jiji, kama Kangemi na Kawangware, nyumba zimebanana. Ngoma za kawaida hazina kifungo cha kupunguza sauti, hizi zinacho. Mpigaji anaweza kuvaa spika za masikioni akafanya mazoezi usiku bila kugombana na jirani. Tukumbuke kwamba Kenya ina kanuni za kuzuia kelele tangu 2009.

Unafanyaje kazi?

Pedi yenyewe haitoi mlio wa ngoma. Ukiigonga, kisanduku chake kinatuma habari tu: ni ngoma gani imepigwa, na kwa nguvu gani, kuanzia 1 hadi 127. Lugha hiyo ya vyombo inaitwa MIDI, nayo imetumika tangu 1983. Habari inapita kwenye waya wa USB hadi kwa kompyuta. Programu inachagua mlio uliorekodiwa na kuutoa kwenye spika. Ziko programu za kulipia, kama EZdrummer, na za bure, kama Hydrogen. Hata isukuti yenu mnaweza kuirekodi mkaiweka humo, ingawa pedi haitachukua nafasi ya mpigaji wake.

Adui ni kuchelewa

Kompyuta haimwagi sauti tone kwa tone. Huijaza kwanza kwenye kikombe kiitwacho bafa. Kikombe kikiwa kikubwa, mlio unachelewa na mpigaji anapotea. Kikiwa kidogo kupita nguvu ya kompyuta, sauti inakwaruza. Kwa kasi ya kawaida ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 inachelewesha sauti milisekunde 23 hivi. Ya 128 ni kama 3 tu. Milisekunde 10 ni sawa na kusikiliza ngoma ukiwa umbali wa mita 3 na nusu hivi. Hapo wengi bado wanapiga vizuri. Anzeni na 128. Sauti ikikwaruza, pandeni hadi 256. Kwa kompyuta ya Windows, tumieni kadi ya sauti ya nje yenye ASIO.

Kabla ya kulipa

1. Nendeni na mpigaji wenu na kompyuta mtakayotumia. Unganisheni palepale dukani.
2. Pigeni polepole, kisha haraka, kwa dakika 10 au zaidi. Sikilizeni kama mlio unafuata mkono.
3. Hesabuni kila kitu: waya, kadi ya sauti, mikisa na spika. Bei ya ngoma peke yake inadanganya.

Siku ya kupiga

Zimeni intaneti ili kompyuta isianze kujisasisha katikati ya wimbo. Tena, msiitegemee kompyuta peke yake. Kisanduku cha ngoma kina milio yake mwenyewe. Vuteni waya wa pili kutoka kisanduku hicho hadi kwenye mikisa, mkiwa mmeufunga sauti. Kompyuta ikigoma, mnapandisha kifungo kimoja na harusi inaendelea. Lakini stima ikipotea, betri ya kompyuta haitaokoa spika. Jenereta iwe karibu, na ngoma ya ngozi pia.

Kama kikundi hakina kompyuta nzuri, si lazima kuinunua sasa. Anzeni na milio ya kisanduku, mweke akiba, kisha muongeze kompyuta baadaye. Haraka haraka haina baraka. Jadilianeni jambo hili kwenye mkutano wenu ujao, kabla mweka hazina hajatoa hata shilingi moja.