Tashihisi ya Kifo katika Shairi la Emily Dickinson: Ubeti Ulioachwa Mwaka 1890

Uhakiki wa shairi la Emily Dickinson kuhusu Kifo anayekuja na gari la farasi mara nyingi huanzia kwenye adabu yake na kuishia hapo hapo. Kifo huyu hana mundu wala sura ya kutisha. Ni muungwana anayemsimamia mwanamke aliyekosa nafasi ya kumngojea, kisha anaendesha gari bila haraka. Ndiyo maana baadhi ya wahakiki humwona kuwa mchumba. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo unalielea vizuri zaidi toleo lenye pengo kuliko shairi lenyewe.

Dickinson (1830–1886) aliliandika shairi hili mwanzoni mwa miaka ya 1860, likiwa na beti sita na bila anwani. Mwaka 1890, miaka minne baada ya mtunzi kufariki, wahariri Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson walilichapisha kwa anwani “The Chariot” na kuuacha ubeti wote wa nne. Toleo la Thomas H. Johnson la mwaka 1955, lililofuata miswada, lina ubeti huo.

Ubeti huo ndio unaoigeuza safari. Kabla yake, gari limewapita watoto wa shule, mashamba ya nafaka na jua linalotua. Hapo mzungumzaji anajisahihisha: jua ndilo lililowapita wao. Msafiri amebaki nyuma, na wakati unaendelea bila yeye. Umande unashuka, baridi inamwingia, maana gauni lake ni jepesi kama utando wa buibui. Vazi hilo laweza kuwa la bibi harusi, laweza pia kuwa sanda. Matini hayachagui, nami sioni sababu ya mhakiki kuyachagulia. Ila muungwana huyu, pamoja na adabu zake zote, hakumwonya abiria wake avae nguo nzito.

Kwa anayelisoma shairi hili kwa Kiswahili, suala la ngeli haliepukiki. Kiingereza humtaja Kifo kwa kiwakilishi cha kiume, na katika ubeti wa nne kiwakilishi hicho hicho kinahamia kwa jua, hata kwa kitambo msomaji asijue ni nani aliyepita. Kiswahili hutashihisi kwa upatanisho: “kifo kilisimama” ni tukio, “Kifo alisimama” ni mtu. Hata hivyo, ngeli ya A-WA haibainishi jinsi, hivyo dhana ya uchumba inafifia. Mfasiri akiandika “jua lilitupita”, utata unatoweka. Akiandika “Jua alitupita”, utata unabaki. Naona chaguo la pili ni aminifu zaidi, ingawa linakwaruza sikio.

Abiria wa tatu, Kutokufa, anatajwa mara moja tu na hatendi lolote. Katika ubeti wa mwisho, karne zimekwisha kupita, na mzungumzaji anasema kwamba alikisia tu, kwa kutazama vichwa vya farasi, kuwa walielekea kwenye umilele. Hakuambiwa. Katika beti zote sita, Kifo hatamki neno.