Uingereza: Wazee wanajifunza baleti ili wasianguke

Huko Uingereza, wazee wenye miaka 55 na zaidi wanaingia darasa la baleti, wengine kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Masomo hayo yanaitwa Silver Swans, na yalianzishwa mwaka 2017 na Royal Academy of Dance, shirika la mafundisho ya dansi lenye makao London. Balozi wake ni Angela Rippon, mtangazaji wa televisheni aliyezaliwa mwaka 1944.

Mashariki mwa Kongo, neno "ballet" linakumbusha vikundi vya utamaduni na ngoma zake. Hii ni ile ya Ulaya, ya polepole, ya kupima kila hatua. Na majina ya hatua ni ya Kifaransa, hata mzee wa Bukavu angeyaelewa mbele ya Mwingereza.

Mzee anashika upao uliofungwa ukutani, ao kiti. Anakunja magoti taratibu, kisha ananyooka: ndiyo plie. Anapanda juu ya vidole vya miguu na kushuka bila haraka: ndiyo releve. Mapaja na vifundo vya miguu vinapata nguvu. Halafu anatelezesha mguu mmoja mbele, uzito wote ukibaki juu ya mwingine. Hapo ndipo kuna faida kubwa, kwani kila hatua ya kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja, na wazee wengi huanguka wakati wa kuhamisha uzito. Kidogo kidogo, mkono unaachia upao. Viatu vigumu vya kusimama kwa ncha havimo.

OMS inakadiria kwamba watu 684 000 wanakufa kila mwaka juu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao katika inchi zenye mapato ya chini na ya kati. Waliopita miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Anayepona anaweza kubaki na nyonga iliyovunjika, tena na woga: anaacha kutembea, misuli inalegea, anaanguka tena.

Mwaka 2020, uchambuzi uliotoka katika jarida JAMA Network Open ulionyesha kwamba dansi na mazoezi yanayofanana nayo yanapunguza hatari ya kuanguka kwa asilimia 37 kwa wazee wenye afya. Haikuwa baleti peke yake. Akina mama wa kwaya za Goma, wanaocheza kila siku ya Mungu, wanaweza kufurahi.

Mwenye kizunguzungu, mwenye mifupa dhaifu ao aliyekwisha kuanguka aone munganga kwanza. Na kiti cha kushika kiegemezwe ukutani.