Je, Wajua? Nzi wa Matango Hafuati Maua

Nzi wa matango, ambaye wanasayansi humwita Zeugodacus cucurbitae, ana asili ya Asia, ila siku hizi ni mwenyeji wa pwani ya Kenya. Jike hutoboa tango, mumunye au boga changa kwa mrija ulio mkiani, akataga mayai chini ya ganda. Baada ya siku moja au mbili funza huanguliwa, wakala nyama ya tunda kwa wiki moja hivi, kisha hudondoka na kujifukia mchangani hadi wageuke nzi. Kwa nje huonekana tone la utomvu pale alipodunga, na tunda hupinda.

Kupinda huko huwapoteza wakulima wengi, kwani tango hupinda pia likikosa chavua ya kutosha. Mimea hii hutoa ua dume na ua jike mbalimbali; la jike hujulikana kwa kitunda kilicho nyuma yake. Chavua ya boga ni nzito na hunata, upepo hauibebi. Ua lenyewe hufunguka alfajiri na kunyauka kufikia adhuhuri, kwa hiyo nyuki ana saa chache tu za kazi. Mkulima akiona matango yamepinda akapiga dawa asubuhi, huua nyuki, na mavuno yanayofuata hupinda zaidi. Hasara hiyo inauma, maana ameinunua kwa pesa zake.

Dawa ya tatizo imo katika mwenendo wa nzi mwenyewe. Hashindi kwenye matango. Hupumzika kwenye mahindi na majani marefu ya kando, akaja shambani kutaga. Basi chambo cha protini, kilichotiwa kiuadudu kidogo, huwekwa kwa matone kwenye mahindi ya mpakani, mbali na maua. Jike huhitaji protini ili mayai yakomae, hivyo hukifuata mwenyewe. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimetengeneza chambo cha namna hiyo kwa mabaki ya hamira ya viwanda vya bia. Madume nao hunaswa kwa mitego yenye harufu inayowavuta.

Mji wa Kale wa Mombasa hauna mashamba. Mtango hupandwa kwenye ndoo, uani au juu ya paa. Hapo njia nyepesi ni kukifunga kitunda kwa karatasi au chandarua mara ua linaponyauka. Nyuki wasipofika, ua dume huchumwa asubuhi, petali zake zikabanduliwa, na chavua ikapakwa katikati ya ua jike.

Visiwa vya Okinawa, Japani, vilimtokomeza nzi huyu kufikia mwaka 1993 kwa kuachia mabilioni ya nzi waliohasiwa kwa mionzi. Mombasa nayo ni kisiwa, lakini mboga na matunda huvuka kila siku kutoka Kwale na Kilifi, kwa feri ya Likoni na daraja la Nyali, hadi soko la Marikiti, na funza wakiwamo. Kwa hiyo matunda yaliyooza, ya sokoni na ya uani, yasilundikwe. Yafukiwe siku hiyo hiyo, nusu mita au zaidi kwenda chini, kabla funza hawajatoka.