Stesheni Iliyojengwa kwa Ajili ya Shaba



Sisi wa Kwapa, tunaokaa upande wa Tororo na Malaba, tumezoea mlio wa treni za mizigo. Mara nyingi tunaulizana: stesheni hujengwa kwa ajili ya watu, au kwa ajili ya mzigo? Tutajibu kwa mfano wa Kasese, magharibi ya Uganda.

Reli ilifika Kampala mwaka 1931, ikakoma hapo. Wakulima wa magharibi walikuwako siku zote, lakini hawakuletewa treni. Kilichoivuta reli mbele ni shaba ya Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori. Mwaka 1956 njia ya kilomita 330 hivi kutoka Kampala ilifika Kasese, karibu na mgodi.

Kazi ilikwenda hivi. Katika kila tani 100 za mawe, shaba ilikuwa kama tani 2 tu. Kusafirisha mawe matupu ni hasara, kwa hiyo yalisagwa Kilembe na sehemu kubwa ya uchafu ikaondolewa. Unga uliobaki ulipakiwa katika mabehewa Kasese, ukapelekwa Jinja. Kwa nini Jinja? Kwa sababu kuyeyusha shaba kunataka umeme mwingi, na bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954. Kutoka Jinja shaba ilikwenda bandari ya Mombasa, ikipita hapa kwetu Tororo na Malaba.

Basi jasho la mchimbaji wa Kilembe, la mfanyakazi wa tanuri Jinja, la dereva wa treni na la kuli wa bandari lilikuwa mnyororo mmoja, ingawa watu hao hawakujuana.

Stesheni ya Kasese ilizaa mji. Walikuja mafundi, wapakizi, wenye maduka na mama wa kuuza chakula. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji wa shaba ulisimama, na mwishoni mwa miaka ya 1990 treni zikaacha kufika. Mkulima na msafiri, ambao hawakuwa na neno katika kufungwa kwa mgodi, nao walipoteza reli yao.

Tazameni tofauti na Tororo. Hapa reli ilitangulia, na mwaka 1929 tawi la kupitia Mbale lilikuwa limefika Soroti. Kiwanda cha saruji kilikuja baadaye, miaka ya 1950, kikaikuta reli na mawe ya chokaa pamoja. Reli inayobeba mizigo ya wengi haiangushwi na kiwanda kimoja.

Somo letu ni hili. Tukiambiwa kwamba kiwanda au shamba litajengewa reli, barabara au stesheni, tusishangilie tu. Tuulize mkutanoni: Njia hii ni mali ya nani? Je, mkulima na abiria wataruhusiwa kuitumia? Na kiwanda kikifungwa, nani ataitunza, na wafanyakazi wake watalipwa nini? Majibu yaandikwe kabla ya chuma cha kwanza kulazwa. Baada ya treni ya mwisho kuondoka, hakuna wa kuulizwa.

Umoja wetu uanze na maswali hayo.