Dawa za TB: Mkojo wa machungwa usikutishe, damu kwenye fizi usiipuuze

MGONJWA wa kifua kikuu anapoanza matibabu huelezwa kwamba mkojo, jasho na hata machozi yake huenda yakawa na rangi ya machungwa. Rangi hiyo hutokana na dawa ya rifampisini, nayo haina madhara.

Hata hivyo, kwa wagonjwa wachache mno, dawa iyo hiyo huweza kuathiri damu yenyewe. Mwili hutengeneza kingamwili ambazo, rifampisini inapokuwamo, hushambulia chembe zinazosaidia damu kuganda. Mtu mwenye afya huwa na chembe hizo kati ya 150,000 na 400,000 katika kila maikrolita ya damu. Zikishambuliwa, idadi yake huporomoka ghafla.

Dalili zake ni vidoadoa vyekundu au vya zambarau ngozini, hasa miguuni, fizi kuvuja damu, damu ya pua isiyokoma na hedhi nzito kupita kiasi. Anayeziona asimeze dozi inayofuata, bali afike kituo cha afya siku iyo hiyo apimwe damu.

Ikithibitishwa kuwa rifampisini ndiyo chanzo, mgonjwa hapaswi kupewa tena dawa hiyo maishani. Kwa kawaida chembe hurejea baada ya dawa kusimamishwa, na daktari humpangia dawa nyingine ili matibabu yaendelee.

Tatizo hili, lililoripotiwa na madaktari tangu mwaka wa 1970, huwapata zaidi wanaomeza dawa kwa vipindi, au walioziacha kisha wakazirudia. Hivyo basi, anayekatiza matibabu kwa kuhofia madhara hujiongezea hatari anayoikimbia, mbali na kuupa ugonjwa nafasi ya kuwa sugu.

Kifua kikuu sugu nacho kina tahadhari zake. Linezolidi, mojawapo ya dawa zake, hudhoofisha uboho unaotengeneza damu. Katika utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka wa 2020, karibu nusu ya wagonjwa 109 walioanzishiwa miligramu 1,200 kwa siku walipatwa na tatizo hilo. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza miligramu 600. Wanaoitumia hupimwa damu mara kwa mara.

Kwa walio wengi, dawa za kifua kikuu huponya bila kuigusa damu. Anayestahili kuamua zisimamishwe au zibadilishwe ni mhudumu wa afya, wala si jirani.